Kupima mchapuko wa gololi kwenye mteremko: mwongozo kamili kwa vifaa vya Mombasa

Ripoti nyingi za wanafunzi kuhusu gololi inayobingirika kwenye mteremko huishia kwa sentensi moja: jibu limetoka dogo kuliko lile la hesabu "kwa sababu ya msuguano". Mwalimu anatia alama ya vema, kazi imekwisha. Lakini msuguano umesingiziwa. Gololi ya chuma ikishuka kwenye mfereji msafi ulionyooka, msuguano unaoipunguzia mwendo ni mdogo mno. Pengo lile kubwa limetokana na jambo jingine kabisa: gololi haishuki tu, inazunguka pia, na huo mzunguko nao unadai fungu lake.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kupima mchapuko huo nyumbani au darasani kwa vifaa vinavyopatikana Mombasa, na kuupima vizuri kiasi cha kuyatenganisha hayo mawili: hiki kimekwenda kwenye mzunguko, hiki kimekwenda kwenye msuguano. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya fizikia, ile ya vitendo, atafaidika, ila hatua zenyewe hazihitaji maabara.

Mchapuko ni kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde inayopita. Kitu kikianza mwendo kutoka kusimama, kikaenda umbali d kwa muda t huku mchapuko a ukiwa uleule, basi d = ½ × a × t². Ukiigeuza unapata a = 2d ÷ t². Umbali unapimwa kwa tepu, muda kwa saa. Hesabu ni hiyo tu. Jasho lote liko kwenye kupima.

Na kwa nini mteremko, badala ya kuangusha kitu kutoka juu moja kwa moja? Kwa sababu kitu kinachoangushwa kutoka kimo cha mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.64, na kidole cha mtu kwa kawaida huchelewa kama sekunde 0.2 kabla ya kubonyeza. Mteremko mpole unaurefusha muda huo hadi sekunde 3 na zaidi. Ujanja huu ni wa Galileo Galilei, mwanasayansi wa Italia, aliyeueleza kwa maandishi yaliyochapishwa mwaka 1638. Yeye alitumia boriti ya dhiraa 12 hivi iliyochongwa mfereji na kutandikwa ngozi laini ndani yake, akashusha mpira wa shaba nyeusi. Saa ya kupimia sekunde hakuwa nayo, basi aliacha maji yachuruzike kwenye kikombe kwa muda wote wa mwendo, kisha akayapima maji hayo kwenye mizani. Anasema alirudia mara mia kamili. Wewe una simu mfukoni, kwa hiyo huna kisingizio.

Reli kwanza

Kifaa kinachoamua ubora wa kazi nzima ni reli. Watu wengi hukimbilia ubao, na kwa pwani huo ndio uchaguzi mbaya. Unyevu wa bahari huutanua na kuupinda ubao. Ulionyooka leo kwenye karakana ya seremala, wiki ijayo unaweza kuwa na tumbo. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya nalo hulegea kwa joto.

Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini. Mwombe kipande cha engo, yaani kile chenye umbo la L, mbavu zake mbili zikiwa na upana wa inchi moja kila moja na zikikutana kwa pembe mraba. Urefu uwe mita 2 na ushei, kama mita 2.2. Mafundi hawa huwa na mabaki ya kazi, na kipande kama hicho hakina thamani kubwa kwao. Kabla hujaondoka nacho, kiinue hadi jichoni na ukitazame kwa urefu wake kama fundi anavyotazama boriti: kikiwa kimepinda au kimejikunja kama kamba, chagua kingine. Ukilaza engo juu ya mgongo wake, mbavu zikitazama juu, unapata mfereji wa umbo la V. Nitakuambia baadaye kwa nini V ya pembe mraba ni bora kuliko reli ya dirisha la kusukuma.

Gololi iwe ya chuma, kutoka kwenye beringi kuukuu. Gereji yoyote kubwa wanazo. Kipenyo cha milimita 15 hadi 25 kinafaa. Gololi za baiskeli ni ndogo mno, punje moja ya mchanga inazirusha. Zile za kioo wanazochezea watoto zinaweza kutumika, lakini nyingi si duara kamili. Ibingirishe polepole kwenye kigae cha sakafu: ikiyumba kulia na kushoto, rudisha kwa mwenyewe.

Vingine ni vya kawaida. Tepu ya kupimia, rula, uzi, selotepu, kopo tupu, karatasi ya grafu, na vibao vitatu vifupi ambavyo seremala atavikata pengo la V juu ili reli isikae ikitikisika. Kama utaweza kupata mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, wa urefu wa mita 3 au 4, chukua. Huo ndio utakaokuokoa kwenye hatua inayofuata.

Kuinamisha na kupima mwinamo

Weka reli juu ya vibao vyake: kimoja chini, kimoja juu, kimoja katikati. Cha katikati si urembo. Alumini nyembamba ya mita 2 hujibonyeza kwa uzito wake, na reli yenye tumbo ina mwinamo mkali mwanzoni na mpole mwishoni, maana yake mchapuko haubaki uleule na hesabu yetu yote inaanguka. Kaza uzi kutoka ncha hadi ncha, juu ya ukingo wa reli, kisha uchungulie. Nafasi kati ya uzi na ukingo ikionekana katikati, tia vipande vya karatasi chini ya kibao cha kati mpaka ipotee.

Sasa mwinamo. Usiupime kwa protrakta. Mteremko tunaoutaka ni wa nyuzi 3 hivi, na kosa la nyuzi moja tu hapo ni kosa la theluthi nzima. Pima badala yake kimo: weka alama mbili kwenye reli zilizoachana mita 2 kamili, utafute alama ya juu imeizidi ya chini kwa kimo gani. Kimo gawanya kwa urefu, hiyo ndiyo sine (sin) ya pembe, nami nitaiita n. Kimo cha sentimita 10 kwenye urefu wa mita 2 kinatoa n = 0.05.

Tatizo ni sakafu. Sakafu za Mombasa, hasa za varanda na ua, hujengwa zikiinama kidogo makusudi ili maji ya mvua yaende kwenye shimo, na za nyumba nyingi za Mji wa Kale zimekwisha kuwa na maoni yao wenyewe. Sakafu ikishuka sentimita 1 tu chini ya reli yako, umekosea kwa asilimia 10 kabla hujagusa gololi. Ndipo ule mpira wa maji unapoingia, na mwashi yeyote anayesawazisha msingi anaujua. Ujaze maji, hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani, shika ncha moja kwenye alama ya juu na nyingine kwenye alama ya chini. Maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja hata sakafu ikiwaje. Kwenye kila alama, pima wima kutoka reli hadi usawa wa maji. Toa kipimo cha juu kwenye kipimo cha chini: tofauti ndiyo kimo chako cha kweli, sakafu haimo tena.

Huna mpira? Fanya jaribio lote mara mbili mahali palepale, reli ikitazama upande mmoja, kisha ukiigeuza itazame upande wa pili kinyume kabisa, kimo kutoka sakafuni kikiwa kilekile. Upande mmoja sakafu inakusaidia, upande wa pili inakupinga. Wastani wa michapuko miwili unaifuta.

Kuachia na kupima muda

Weka selotepu nyembamba kwenye reli kuonyesha mahali pa kuanzia, na chini kabisa mahali pa kuwekea kopo, ambalo gololi italigonga kwa mlio. Umbali d unapimwa kutoka uso wa mbele wa gololi inaposubiri hadi ubavu wa kopo. Usiupime kutoka katikati ya gololi. Wengi hupoteza milimita 10 hapo. Badala ya kuhamisha kopo, hamisha mahali pa kuanzia: sentimita 40 kutoka kwenye kopo, kisha 80, 120, na 160.

1. Futa reli na gololi kwa kitambaa kikavu. Chumvi na vumbi la mchanga havionekani kwa macho lakini gololi inavisikia.
2. Zuia gololi kwa rula iliyosimama kuikingama reli. Usiishike kwa vidole. Vidole huisukuma au kuizungusha bila wewe kujua.
3. Anayeachia ndiye anayebonyeza saa. Watu wawili wakigawana kazi, kucheleweshana kwao hakutabiriki. Mtu mmoja huchelewa mwanzo na mwisho kwa kiasi kinachokaribiana, na sehemu kubwa ya makosa inajifuta.
4. Toa rula kwa kuivuta haraka kuelekea chini ya mteremko, mbele ya gololi, huku ukibonyeza. Ukiiinua juu inaweza kuburura gololi.
5. Mwishoni tazama kopo, usiifuate gololi kwa macho. Bonyeza pamoja na mlio, kama mtu anayepiga kofi la mwisho la ngoma.
6. Rudia mara tano kwa kila umbali. Andika zote tano, hata isiyokupendeza. Ya kufutwa ni ile tu ambayo uliona kwa macho imeharibika: gololi iliruka, rula iligusa, mtu alikuita.

Kosa la muda lina ubaya wa ziada. Kwa kuwa t inazidishwa kwa t, kosa la asilimia 3 kwenye muda huwa asilimia 6 kwenye mchapuko. Kwenye umbali wa sentimita 40, ambapo muda ni sekunde 1.7 hivi, kosa la sekunde 0.1 linaharibu mchapuko kwa karibu asilimia 12. Kwenye sentimita 160 kosa hilohilo linaharibu chini ya asilimia 6. Ndiyo sababu umbali mrefu na mteremko mpole ni marafiki zako. Lakini usizidishe upole: chini ya kimo cha sentimita 4 kwa mita 2, kila doa la reli linaanza kutawala.

Ukitaka simu ikufanyie

Njia mbili ni nzuri. Ya kwanza ni sauti. Programu ya bure iitwayo Phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, ina saa inayoanza na kusimama kwa mlio. Gonga rula iondoke kwa mlio mmoja mkali, kopo litoe mlio wa pili. Inahitaji chumba kimya, na mtaa wenye tuktuk si mahali pake. Funga madirisha au fanya alfajiri. Ongeza kizingiti cha sauti kwenye programu mpaka kelele za nje zisiianzishe.

Ya pili ni video. Weka simu mita 2 au 3 kutoka kwenye reli, ikiitazama katikati kwa unyoofu, kwa sababu ukiisogeza karibu alama za pembeni zitaonekana zimehama. Video ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo picha moja ni sekunde 0.033, kwenye mwendo wa sekunde 3.5 hilo ni asilimia 1 tu. Simu yenye mwendo wa polepole wa picha 120 au 240 ni bora zaidi. Tahadhari moja: simu nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde zenyewe kulingana na mwanga. Weka simu ya pili yenye saa inayokimbia ndani ya picha, usome muda kwenye saa hiyo badala ya kuhesabu picha.

Kuna na njia ya sikio, ambayo haina namba lakini naipenda kuliko zote. Bandika vipande vyembamba vya selotepu ndani ya mfereji kwenye sentimita 12, 48, 108 na 192 kutoka mahali pa kuanzia, kisha uachie. Nafasi zinazidi kupanuka, 12, 36, 60, 84, lakini tiki zinasikika kwa mapigo yaliyolingana, kila moja baada ya muda kama sekunde moja. Hizo nafasi zina uwiano wa 1, 3, 5, 7. Sogeza kipande kimoja kwa sentimita 5 na mtoto asiyejua fizikia atakuambia mdundo umeharibika.

Jedwali na grafu

Tuseme kimo ni sentimita 10 kwa mita 2, na wastani wa nyakati umetoka hivi:

| d (mita) | t (sekunde) | t² |
|---|---|---|
| 0.40 | 1.76 | 3.10 |
| 0.80 | 2.45 | 6.00 |
| 1.20 | 3.02 | 9.12 |
| 1.60 | 3.47 | 12.04 |

Unaweza kutumia a = 2d ÷ t² kwa kila mstari ukapata 0.258, 0.267, 0.263 na 0.266. Ule wa kwanza umetoka nje kidogo, kama tulivyotarajia kwa umbali mfupi. Ukichukua wastani wa hizo nne unaupa umbali mfupi heshima sawa na mrefu, jambo ambalo haustahili.

Grafu inafanya kazi vizuri zaidi. Weka t² kwenye mhimili wa chini, d kwenye mhimili wa wima. Mchapuko ukiwa haubadiliki, nukta hukaa kwenye mstari ulionyooka. Chora kwa rula mstari mmoja unaopita kati ya nukta zote, usiunganishe nukta kwa nukta. Sasa soma mwinuko wa mstari wenyewe, tena kwenye sehemu mbili zilizo mbali: hapa mstari unapita kwenye 0.39 t² ikiwa 3, na kwenye 1.59 t² ikiwa 12. Umepanda 1.20 kwa kwenda 9, yaani 0.133. Kwa kuwa d = ½ a t², mchapuko ni mara mbili ya mwinuko: a = 0.267 m/s².

Grafu inakupa na upelelezi wa bure. Mstari ukikata mhimili mbali na sifuri, unaanza kupima muda ukiwa umechelewa au umewahi, au umepima d kutoka mahali pasipo. Nukta zikijipinda kama upinde, reli ina tumbo; rudi kwenye uzi.

Pengo lilikokwenda

Tulinganishe na hesabu. Mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia, yaani g, huko shuleni huandikwa 10, wakati mwingine 9.8. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwenye usawa wa bahari, na huku kwetu g ni 9.78 m/s². Karibu na ikweta mvutano ni mdogo kuliko popote pa usawa wa bahari. Kwenye ncha za dunia unafika 9.83. Kitu kinachoteleza bila msuguano kwenye mteremko wetu kingekuwa na mchapuko wa g × n, yaani 9.78 × 0.05 = 0.489. Sisi tumepata 0.267. Karibu nusu imepotea!

Hapa ndipo kalamu inapotaka kuandika "msuguano". Izuie.

Gololi inapoteremka, kile ilichopata kwa kushuka kimo kinagawanywa mara mbili: fungu moja linaisogeza mbele, fungu la pili linaizungusha. Gololi iliyojaa, ikibingirika juu ya ubao bapa, huweka fungu la 5/7 kwenye mwendo na 2/7 kwenye mzunguko. Mchapuko wake basi ni 5/7 ya g × n, hata iwe kubwa au ndogo, ya chuma au ya kioo. Vitabu vingi vinaishia hapo, na mwanafunzi mwenye mfereji anakwama, kwa sababu 5/7 ya 0.489 ni 0.349 na bado yuko mbali na 0.267.

Tazama gololi ndani ya V. Haigusi chini, inagusa mbavu mbili, kwenye nukta mbili zilizo karibu zaidi na mhimili wake wa kuzunguka. Juu ya ubao bapa, umbali kutoka mhimili hadi mahali pa kugusa ni nusu kipenyo kamili. Ndani ya V ya pembe mraba umbali huo ni nusu kipenyo kugawanya kwa 1.41. Mzingo wa kukanyagia umepungua, kwa hiyo kwa kila mita ya safari gololi inalazimika kuzunguka mara 1.41 zaidi. Mzunguko unachukua 4/9, mwendo unabaki na 5/9. Fanya hesabu: 5/9 × 0.489 = 0.272. Kipimo chetu ni 0.267. Pengo lililobaki ni asilimia 2.

Hiyo ndiyo sababu ya kung'ang'ania V ya pembe mraba: 5/9 haitegemei ukubwa wa gololi. Ukitumia reli ya dirisha yenye kingo mbili zilizosimama, gololi inakaa juu ya kingo hizo na unapaswa kupima upana kati yao. Chukua nusu kipenyo R na nusu upana w. Umbali wa kugusa ni kipeuo cha pili cha R² − w². Gololi ya nusu kipenyo cha milimita 10 juu ya kingo zilizoachana milimita 12 inatoa 8, na fungu la mwendo ni 1 ÷ (1 + 0.4 × 100/64), yaani 0.615. Inafanyika, lakini ukibadilisha gololi unaanza upya.

Galileo hakulihitaji fungu hili. Alichokuwa anatafuta ni kanuni ya mraba wa muda, na kanuni hiyo inabaki ileile mzunguko uchukue utakacho.

Msuguano ukamatwe mahali pake

Asilimia 2 zilizobaki zinaweza kuwa msuguano, au kosa la kupima. Kimo kimoja hakiwezi kukuambia. Badilisha kimo, urudie kila kitu: sentimita 6, 10 na 14, ikiwezekana na mbili za kati. Tuseme michapuko imetoka 0.157, 0.267 na 0.373 kwa n za 0.03, 0.05 na 0.07.

Chora a dhidi ya n. Mstari unapanda 0.216 kwa 0.04, mwinuko 5.40. Huo ni 5/9 ya g, kwa hiyo g = 5.40 × 9/5 = 9.72. Chini ya asilimia 1 kutoka thamani ya Mombasa, kwa engo ya fundi na gololi ya gereji.

Kisha angalia mstari unakata wapi mhimili wa chini. Haupiti kwenye sifuri. Unakata kwenye n ya 0.0008, ambayo ni kimo cha chini kidogo ya milimita 2 kwa mita 2. Msuguano wa kubingirika ndio huo. Unapunguza mchapuko kwa kiasi kilekile, kama 0.004 m/s², mteremko uwe mkali au mpole, ndiyo maana hauonekani kwenye mwinuko wa mstari na unaonekana kwenye mkato. Ukilinganisha, mzunguko ulichukua zaidi ya 0.2. Kwenye ripoti andika vyote viwili kwa namba zake.

Kuna msuguano wa namna nyingine ambao hapa ni mshirika: ule unaoishika gololi isiteleze, ndio unaoizungusha. Ukisimamisha reli wima mno, hauwezi tena kushika, gololi inateleza huku ikizunguka nusunusu, na 5/9 inavunjika. Baki chini ya nyuzi 10.

Vitu vingine vya kushusha

Ukipata ubao mpana ulionyooka, au meza ya kukunja iliyoinuliwa upande mmoja, jaribu vitu visivyoingia kwenye mfereji. Mkebe wa nyanya ya kopo, uliojaa na mzito, hufanya kama mche wa duara uliojaa: 2/3 ya g × n. Kipande kifupi cha bomba la maji, kikiwa tupu, kinakaribia 1/2 kwa sababu uzito wake wote uko pembezoni. Mpira wa tenisi ya meza uko karibu na 3/5, lakini zima feni kwanza, na dirisha linalotazama baharini lifungwe. Upepo wa kusi unaupima kabla yako.

Kuna mtego wa simu pia. Watu huifunga simu juu ya kigari cha kuchezea, wakaachia, wakatarajia kihisi cha mchapuko kionyeshe jibu moja kwa moja. Kihisi hicho, simu ikiwa imetulia kwenye mteremko, tayari kinasoma g × n. Kigari kikiachiwa, usomaji huo unashuka kuelekea sifuri, kinyume cha ulivyotarajia. Mchapuko wa kigari ni tofauti kati ya namba hizo mbili: ya kabla ya kuachia na ya wakati wa kushuka.

Na ukiwa na watoto nyumbani, chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ujaze maji, uache nafasi ndogo tu juu. Ishushe sambamba na mkebe wa nyanya. Chupa inashinda kwa mbali, kwa sababu plastiki inazunguka na maji ndani yanabaki karibu yalivyo. Yanasafiri bila kuzunguka, na mchapuko unakaribia g × n nzima. Kisha ilaze chupa ileile kwenye friza usiku kucha na uishushe tena kesho yake. Ikiwa barafu imeshikamana, inalazimika kuzunguka yote, na mchapuko unashuka hadi 2/3. Ifute kwanza: kwa hewa ya Mombasa itakuwa imelowa kabla hujafika nayo kwenye meza, na chupa iliyolowa huteleza.